Koti la Kuazima Mlangoni

Ipo mikahawa ya kifahari iliyokuwa na desturi ya kutunza makoti machache karibu na mlango kwa ajili ya wanaume waliofika bila koti. Mteja hakufukuzwa, alivishwa. Koti lenyewe lilimpwaya mabegani, mikono yake ikashuka hadi kwenye vifundo vya vidole, nalo likanukia manukato ya mtu aliyelivaa juzi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kweli aliyeketi mezani ndani ya koti la namna hiyo alitambulika na ukumbi mzima. Siku hizi makoti hayo yanazidi kuadimika, na tai imekuwa hiari mahali pengi ilipokuwa sharti. Wapo wanaofurahia mabadiliko hayo na wapo wanaoyasikitikia, na kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyokubali.

Wanaotetea kanuni za mavazi husema kwamba mkahawa hauuzi chakula peke yake. Watu wawili waliodunduliza fedha ili washerehekee miaka thelathini ya ndoa yao wamelipia pia utulivu, mwanga hafifu na majirani wa meza waliojiandaa kama wao. Akiingia mtu na kandambili na kaptula ya ufukweni, hajamtukana yeyote, lakini amepunguza sehemu ya kile ambacho wenzake wamekilipia. Hoja hii hudharauliwa upesi mno, ilhali tunakubali bila ubishi kwamba mwenye ukumbi anaweza kukataza kelele na moshi. Wala si wenye mikahawa tu wanaofikiri hivyo. Mwaka 2022 mji wa Sorrento nchini Italia ulitangaza faini ya hadi euro 500 kwa wanaozurura mitaani na nguo za kuogelea. Mwaka uliofuata, kiongozi wa walio wengi katika Seneti ya Marekani aliagiza kanuni ya mavazi ya ukumbini isisimamiwe tena, na kabla mwezi wa Septemba haujaisha maseneta wakapitisha kwa kauli moja azimio la kuwarudisha wanaume kwenye koti, tai na suruali ndefu.

Wanaozipinga nao wana historia mkononi. Amri ya polisi ya Paris ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke anayetaka kuvaa kama mwanamume, yaani kuvaa suruali, aombe kibali kwanza. Ikalegezwa mwaka 1892 na 1909, kwamba suruali ni ruksa iwapo mwanamke ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Ni mwaka 2013 tu ambapo serikali ya Ufaransa ilitamka rasmi kuwa amri hiyo haina nguvu. Kilichoitwa staha kilikuwa njia ya kumwonyesha mtu mahali pake. Shutuma kama hiyo ilisikika Februari 2021 katika Bunge la New Zealand, pale mbunge Mmaori Rawiri Waititi alipotolewa ukumbini kwa kuvaa kidani cha kwao badala ya tai. Kwake kidani kilikuwa vazi rasmi, na tai ilikuwa alama ya ukoloni. Hazikupita siku nyingi sharti la tai likaondolewa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu tatizo kubwa la leo haliko kwenye kanuni kali, liko kwenye kanuni legevu. Mkahawa ukiandika kuwa koti ni lazima, kila mtu anajua la kufanya. Ukiandika kwamba wageni wavae “nadhifu lakini si rasmi sana”, umemkabidhi bawabu mamlaka ambayo hakuna aliyeyaeleza. Wanafika vijana wawili, wote wamevaa raba nyeupe. Bawabu anatazama miguu, anapandisha macho usoni, anarudi tena miguuni, kisha mmoja anapita na mwenzake anaambiwa viatu vyake havifai. Huenda raba za aliyezuiwa ndizo ghali zaidi. Katika ule mtazamo wa kupanda na kushuka ndimo huingia mambo ambayo hakuna kanuni inayothubutu kuyaandika: rangi ya ngozi, umri, lafudhi, dalili za umaskini. Aliyezuiwa hana pa kukata rufaa, kwa sababu hakuna neno lililovunjwa.

Kanuni iliyo wazi humfunga hata mkubwa. Mwaka 2015 Lewis Hamilton, bingwa wa dunia wa mbio za magari, alialikwa kwenye jukwaa la kifalme la mashindano ya tenisi ya Wimbledon, lakini hakuingia kwa kuwa hakuwa na koti wala tai. Tena kanuni ya namna hiyo inaweza kuhojiwa. Wachezaji wanawake walipoeleza hofu ya kucheza na mavazi meupe wakiwa katika hedhi, Wimbledon iliwaruhusu kuanzia mwaka 2023 wavae kaptula za ndani za rangi iliyokoza. Mchezaji nyota wa chesi Magnus Carlsen naye, alipotozwa dola 200 kwa kuvaa jinzi kwenye mashindano ya chesi mjini New York Desemba 2024, akagoma kubadilisha siku hiyo na kujitoa, alijua neno alilolivunja. Simtetei, lakini shirikisho la chesi la dunia lililegeza kanuni ndani ya siku chache, naye akarudi na jinzi zake, jambo linaloashiria kuwa hakuna aliyeweza kueleza jinzi zinadhuru nini kwenye ubao wa chesi.

Kwa hiyo mwenye mkahawa anayetaka tai na aitake, mradi amwambie mteja anapoweka nafasi ya meza, asimngoje mlangoni. Angempunguzia mzigo bawabu pia, ambaye mara nyingi ndiye mtu pekee pale asiyeulizwa angependa kuvaa nini.