Siku 30 sio za kila talaka
Hapo mnaposema eti China siku hizi kila anayetaka talaka lazima asubiri siku 30 ili hasira zipoe kwanza, mmechanganya mambo, ile Sheria ya Kiraia iliyoanza Januari 2021 imeweka hizo siku kwa wanandoa waliokubaliana wenyewe na wanaenda kusajili talaka yao tu, ukipitia mahakamani hazikuhusu. Na shida yenyewe mmeiruka: ndani ya hizo 30 mmoja akighairi anaondoa maombi, zikiisha mna zingine 30 za kwenda wote wawili kuchukua cheti, mmoja asipotokea basi imekufa hiyo, mnaanza moja. Sasa mwenzio akiwa mkorofi si atakuzungusha mpaka uchoke uende kortini tu? Wenye ndoa humu, hasira kweli zinaisha kwa siku 30?