Wajukuu hawajasainiwa

Tabora, ndoa ya mseto mara nyingi ni ya Mkatoliki na Mmoraviani, yaani muumini wa Kanisa la Moravian, la Kiprotestanti. Posa ikipokelewa na mahari ikakubaliwa, linabaki suala la watoto. Hapo ndipo wazee wa upande wa kiume, kama wao ndio Wamoraviani, wanaponuna: "Kumbe wajukuu zetu wameshasainiwa kuwa Wakatoliki?"

Hawajasainiwa. Zamani ndiyo, chini ya sheria ya Kanisa ya 1917, wachumba wote wawili walitoa hakikisho kwamba watoto watakuwa Wakatoliki. Papa Paulo VI alibadilisha hilo mwaka 1970, na sheria ya 1983, kanuni ya 1125, ikashika njia hiyo hiyo. Anayeahidi ni Mkatoliki peke yake, kwamba atafanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake anajulishwa tu kuhusu ahadi hiyo. Na uwezo una mpaka: mwongozo wa Roma wa 1993 kuhusu ekumene, yaani umoja wa Wakristo, unasema mzazi aliyejitahidi akashindwa haadhibiwi.

Baba Mmoraviani naye ana hoja, tena nzito. Kujulishwa si kuulizwa. Kanisa lake linabatiza watoto wachanga, na ubatizo huo Roma inautambua, haurudiwi. Sasa kama ni halali, kwa nini mke wake aahidi kuukwepa? Kwa Wanyamwezi wengi mtoto ni wa ukoo wa baba, na baba huyo ndiye atakayeulizwa na ndugu zake. Sijawahi kusikia jibu linalomtosheleza, na paroko anayemjibu kwa mkato anakosea.

Ila hofu ya ahadi hii imeleta jambo baya kuliko ahadi yenyewe. Wachumba wanaikimbia. Wanafunga ndoa kwa mchungaji bila kumwambia paroko, na kwa Kanisa Katoliki ndoa hiyo si halali. Binti anaacha kupokea Komunyo, mwaka mmoja, mitano, kumi. Wakati Askofu angeweza kutoa ruhusa, na ndoa ikafungwa kule kule Moravian, mbele ya mchungaji yule yule! Wengi hawajui kabisa.

Nimemwona mama wa namna hiyo siku ya Komunyo ya Kwanza. Binti yake, gauni jeupe, soksi zimevutwa hadi magotini, alirudi kutoka altareni mikono imefumbatwa, akasimama kwenye benchi letu akimsubiri mama atoke naye apange foleni. Mama akamsogezea nafasi akae. Mtoto akanong'ona, "Wewe huendi?" Baba Mmoraviani alikuwepo, kafunga tai, akainamisha kichwa. Yeye mwenyewe asingepokea, hilo binti alishalizoea. La mama hakulielewa, na nadhani baba ndiye aliyeumia zaidi, maana ukoo wake ndio uliosema "tusiende kwa padre".

Wapo wanaosema watoto waachwe wachague wakikua. Nimewaona waliokua hivyo: Jumapili wanabaki nyumbani.

Kwa hiyo, kabla ya mahari, wachumba waende kwa paroko na kwa mchungaji, wote wawili pamoja, na mshenga ikibidi. Kijana aulize swali lake la ubatizo bila woga. Binti aseme wazi atakachoahidi na asichoweza. Na waliokwisha kufunga kimyakimya, ndoa inaweza kubarikiwa hata leo. Mama yule wa benchi letu alikuwa hajaambiwa.