Mahindi yaliyozuiwa Namanga: nani alikuwa na haki?

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha barua fupi: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie tena, kwa kuwa vipimo vimekuta sumukuvu, yaani sumu itokayo kwenye kuvu, iliyozidi kiwango. Malori yaliyokuwa njiani yakakwama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Siku tano baadaye katazo likaondolewa, yakaja masharti mahali pake.

Wengi upande wa Tanzania na Uganda waliona hiyo ni hila ya kibiashara. Mimi sikubali haraka hivyo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Nchi iliyozika watu wengi kiasi hicho kwa sababu ya chakula chao cha kila siku ina haki ya kuogopa. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Sisi Watanzania nasi hatuna pa kujitetea sana, maana mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo hiyo. Na sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinairuhusu nchi kuzuia bidhaa ili kulinda afya za watu wake.

Ila msiba ule wa 2004 unasema na jambo la pili. Mahindi yaliyoua yalikuwa ya wakulima wa huko huko, yaliyowekwa akiba yangali na unyevu. Kuvu huota pale mahindi yanapoanikwa juu ya udongo mtupu na kufungwa kwenye gunia kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Hatari iko kwenye uanikaji na ghala, na hayo hutofautiana baina ya kaya na kaya ndani ya kijiji kimoja.

Mtazame mkaguzi anavyofanya kazi. Anachoma gunia kwa bambo, punje zinateremka kiganjani mwake. Gunia hilo laweza kuwa salama kabisa, na lililo chini yake likawa limevuka mara kadhaa kiwango cha Jumuiya, yaani sehemu 10 kwa bilioni. Ndiyo maana huchoma magunia mengi, akachanganya, akasaga, ndipo akapima. Ikiwa lori moja tu linataka uangalifu wote huo, kuzihukumu nchi mbili nzima kwa barua moja ni kuacha kupima.

Tena kuna njia za panya. Kenya huwa haivuni mahindi ya kuitosha kila mwaka, kwa hiyo mpaka ukifungwa mnunuzi bado yupo na bei inapanda. Gunia linapakiwa kwenye bodaboda usiku na kuvuka pasipo bambo. Anayeumia ni yule aliyekuja mchana na karatasi zake, na mlaji anabaki na mahindi ambayo hakuna aliyeyapima.

Lakini nakiri kwamba bila kishindo kile, sumukuvu isingezungumzwa sokoni kama ilivyozungumzwa mwaka ule.

Linganisha na Gatuna, kwenye mpaka wa Rwanda na Uganda. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda iliufunga mpaka huo kwa malori ya mizigo, ikieleza kwanza kwamba kuna ujenzi. Baadaye ikawazuia raia wake kwenda Uganda, ikisema wanakamatwa na kuteswa huko. Uganda ikakanusha na kulalamikia upelelezi wa Rwanda nchini mwake. Hofu ya serikali kwa raia wake si jambo la kupuuza, na siidharau. Tatizo ni kwamba lalamiko la aina hiyo halina kipimo. Nani angesema sasa imetosha, fungueni? Mpaka ulifunguliwa 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu baadaye, na katikati hapo baadhi ya waliojaribu njia za panya walipigwa risasi wakafa. Katazo la mahindi lilidumu siku tano kwa sababu, naamini, lilikuwa na namba ya kurejea: sehemu 10 kwa bilioni. Aliye chini ya namba hiyo apite.

Masharti ya 10 Machi yalitaka waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha kiwango cha sumukuvu na cheti cha uasilia, kinachoonyesha mahindi yametoka wapi. Kwa mwenye lori la tani thelathini, hayo yanabebeka. Kwa mama mwenye magunia mawili, cheti kinaweza kula faida yote, na bodaboda ya usiku inamsubiri. Vipo vipimo vya haraka vinavyotoa jibu ndani ya dakika chache tangu sampuli isagwe. Serikali zitasema ni ghali kumpimia kila mchuuzi bure pale kwenye geti. Kweli ni ghali, na bado ningetaka zilipe, kwa sababu walaji wa mahindi ya mama huyo ni raia wao.