Poka ya jero na buku: anayebahatisha ni yupi, anayepandisha au anayesubiri?

Kwenye meza ndogo za poka hapa Dar, ziwe za kasino au za sebuleni Sinza na Mikocheni, mtu anayepandisha dau mara kwa mara hupewa jina haraka. Mtu wa sifa. Kichaa. Pesa zinamuwasha. Yule anayetupa karata (anayejitoa kwenye mgao) saa nzima huku akichezea simu, huyo anasifiwa kwamba ana nidhamu, na akiondoka bila hasara kubwa watu wanatikisa kichwa kwa heshima. Sipingi kwamba wapo vichaa. Ila sifa ya nidhamu tunaigawa bila kupiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Ambaye kamari yote kwake ni haramu, mjadala huu haumhusu wala sitabishana naye. Nabishana na yule anayecheza tayari, anayesema poka ya kupandisha ni bahati nasibu, kisha jioni anatengeneza mkeka wa mechi kumi na mbili.

Tuchukue meza ya Texas Hold'em, ile poka ya karata mbili mkononi na tano za wote zinazofunuliwa mezani (tatu, kisha moja, kisha moja). Ina watu tisa, na madau ya lazima ya kila mgao ni jero (500) na buku (1,000). Anayecheza kwa elfu tano na kumi azidishe mwenyewe. Kila meza ikizunguka mara moja, kila mtu anakuwa ametoa 1,500 apende asipende. Sasa mtazame msubiri. Karata mbili za mkononi zinaweza kuja kwa namna 1,326. A mbili ni namna 6, K mbili 6, Q mbili 6, jumla 18. Yaani karata hizo za kujivunia zinakuja mara moja katika kila migao kama 74. Ni mizunguko minane na ushee, na madau ya lazima peke yake yameshamla shilingi elfu kumi na mbili. Meza inayogawiwa kwa mkono inamaliza migao 25 hadi 30 kwa saa, kwa hiyo hapo zimepita saa mbili na nusu au tatu.

Halafu zinakuja. Anaweka simu chini, anakaa vizuri, anapandisha hadi elfu nne. Meza nzima inatupa, kwa sababu meza nzima ilimwona akiweka simu chini. Anakusanya jero na buku zilizokuwa mbele. Ametumia elfu kumi na mbili kununua buku jero, na hakuna hata mmoja anayesema jamaa anabahatisha.

Najua nimemwonea kidogo. Wasubiri wengi hawangoji karata tatu hizo tu. Wanaongeza J mbili, 10 mbili, A na K, A na Q, na wengine hawaonyeshi furaha usoni. Na siku mojamoja A zake zinakutana na K za mwenzake, anaondoka na meza yote, na hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa. Subira yavuta heri, wanasema. Kweli inavuta, ila kwenye poka subira inatozwa nauli kila mzunguko, na nauli hiyo haimo kwenye methali.

Takwimu ninayoona watu hawajaitafakari ni hii: ukiwa na karata mbili zisizofanana, zikifunuliwa tatu za kwanza mezani, utapata jozi au zaidi kwa takriban asilimia 32 tu. Theluthi mbili ya safari hukupata kitu. Wengi wanaijua namba hii kama sababu ya kuogopa, wanasema ndiyo maana mimi sijitii. Wanasahau kwamba aliyekaa mbele yao naye anaishi chini ya namba hiyohiyo. Mkibaki wawili, kila mmoja na karata mbili zisizofanana, karibu nusu ya migao hakuna kati yenu aliyepata chochote. Pesa ziko mezani, na karata hazina la kusema. Mtu mmoja atazichukua, na kwenye meza ya waangalifu atakayezichukua ni yule anayetangulia kuweka dau. Mwenye A na mwenye 9 wote wamekosa; mwenye A akitupa, ukubwa wa A yake unabaki kuwa siri yake.

Tuipe shilingi. Umekaa kiti cha mwisho, cha anayeamua baada ya wengine karata zikishafunuliwa, umepandisha hadi buku tatu, wote wametupa isipokuwa aliyekuwa ameshaweka buku ya lazima, naye amefuata, yaani ameweka sawa na wewe. Mezani pana 6,500: elfu tatu zako, elfu tatu zake, na jero la aliyetupa. Karata tatu zinafunuliwa, anagonga meza kupisha, yaani haweki dau. Unaweka elfu tatu. Ili dau hilo lisikutie hasara, hata kama huna chochote mkononi na huwezi kushinda akifuata, inatosha atupe mara 32 katika 100. Umeweka 3,000 kutafuta 6,500. Gawanya 3,000 kwa 9,500 utaiona.

Hapa ndipo mashabiki wa kupandisha wanapoteleza, wanaposema: basi anatupa theluthi mbili, tunatajirika. Hapana. Aliyefuata si mtu mwenye karata zozote. Zile mbovu kabisa alishazitupa mwanzoni. Mara nyingine ameshika jozi tangu mkononi, mara nyingine ana karata nne za kopa anaisubiri ya tano, na hiyo ya tano inakuja karibu mara 35 katika 100 akifika mwisho. Hatupi hizo. Sema basi anatupa nusu. Nusu ya 6,500 ni 3,250, toa nusu ya 3,000 ambayo ni 1,500: unabaki na faida ya 1,750 kwa kila jaribio, na sijahesabu bado siku ambazo karata zako zenyewe ni nzuri. Punguza matumaini upendavyo, ukishuka hadi mara 40 katika 100 bado uko juu kwa shilingi 800.

Kiti nacho kina hesabu yake. Kabla hakijafunuliwa chochote, ukipandisha hadi 3,000 kuyatafuta madau ya lazima ya 1,500, unahitaji wote watupe mara 67 katika 100, tukichukulia kwamba ukifuatwa umepoteza. Kama waliobaki nyuma yako, yaani watakaoamua baada yako, ni wawili, kila mmoja akitupa mara 85 katika 100, wote wawili watatupa mara 72. Panalipa. Wakiwa watano wa aina hiyohiyo, inashuka hadi 44. Hapalipi. Watu ni walewale na uangalifu ni uleule. Kilichobadilika ni ulipokaa. Kichaa ninayemkubali ni huyu: akiwa kiti cha mwanzo anatupa kama shehe wa msikiti, akifika kiti cha mwisho anabadilika. Anayepandisha kutoka kila kiti, huyo mwiteni mnavyotaka.

(Doyle Brunson, mchezaji poka wa Marekani, hutajwa sana katika ubishi huu: mwaka 1976 na 1977 alitwaa ubingwa wa dunia kule Las Vegas, mara zote mbili mkono wa mwisho ukiwa ni karata ya 10 na karata ya 2. Wanasahau kwamba mara zote mbili mezani zilifunuka karata zilizompa tatu za aina moja na jozi juu yake. Alikuwa mkali kweli, lakini mikono hiyo miwili ni ushahidi mbovu wa ukali.)

Upande wa pili una hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni kwamba mwangalifu wa madau madogo mara nyingi si yule wa kutupa. Wako wa namna mbili. Wa kwanza anaogopa kupoteza, anatupa. Wa pili anaogopa kuzugwa, yaani kutishwa kwa dau na mtu asiye na karata. Huyu hapandishi kamwe, ndiyo maana anaonekana mpole, lakini hatupi pia. Anafuata, anafuata, mpaka karata ya tano, kwa jozi ya 6, kwa sababu buku tatu haimuumi kama inavyomuuma kuambiwa aliingizwa mjini. Mbele yake ile hesabu yangu inapinduka. Akitupa mara 25 tu katika 100, kila elfu tatu unayomzugia inakurudishia hasara ya 625. Nimeona vijana waliojifunza ukali kwenye video za meza kubwa za Marekani wakimaliza pesa zao hapa kwa sababu hiyo tu: kule mtu anatupa mkono mzuri kwa kulinda milioni zake, hapa anafuata ili ajue.

Lakini wanaotoa hoja hiyo wanaimalizia vibaya. Wanasema: kwa kuwa hawatupi, acha kupandisha. Mtu asiyetupa ndiye wa kupandishiwa kuliko wote, ila kwa karata za kweli. Ukiwa na A na K, mezani ikafunuka A, kumfuata kwa upole ni kumwachia jozi yake ya 6 ipite kwa bei ya bure. Mtoze mara zote tatu karata zinapofunuliwa, na kwa kiasi kikubwa. Kwa huyu unaacha kuzuga na unaongeza ukubwa wa madau. Msukumo ni uleule, umehamishwa kutoka karata mbaya kwenda nzuri.

Makato nayo hayapuuzwi. Mwenye meza akikata asilimia 5 hadi 10 ya kila kinachochezwa, anayeshinda migao mingi ndiye anayekatwa mara nyingi. Kwa hiyo faida zangu za hapo juu zipunguzwe. Nafuu ni kwamba kasino nyingi hazikati mgao unaoisha kabla karata tatu hazijafunuliwa, jambo linalompendelea anayepandisha mapema.

Kuhusu mfuko sina ubishi. Mchezo wa kupandisha unayumba; unaweza kuwa sahihi usiku kucha na ukaondoka mikono mitupu, mara kadhaa mfululizo. Mwenye kucheza na pesa ya kodi au ada ya mtoto hawezi kuuvumilia, na hapaswi kuwa mezani, apandishe asipandishe.

Kuna na suala la sebuleni. Ukiwasukuma majirani zako wanane kila Ijumaa, baada ya miezi michache watabaki watano, na wa kwanza kuacha ni wale waliokuwa wakitupa. Mtu anaweza kuamua kwamba jioni ya maongezi ina thamani kuliko buku jero zao, na uamuzi huo siwezi kuupinga kwa asilimia. Ninachokataa ni kuuita uchezaji bora.

Wale watakaobaki watazoea. Ukishachukua migao mitatu mfululizo bila kuonyesha karata, kwenye wa nne mtu atakuwa ameanza kukungoja na jozi yake ya J, na ile nusu ya kutupa itashuka kuelekea robo. Ndio wakati wa kurudi nyuma na kutupa mizunguko miwili au mitatu. Na siku ile bwana ambaye hajapandisha tangu alipoketi anapandisha juu ya dau lako, usitafute hesabu yoyote katika makala haya ya kumfuatia, ana karata.