Mkopo wa simu usiingie kwenye mkeka

Jumamosi saa saba mchana kijana wa bajaji aliegesha mbele ya kibanda changu hapa Mwanjelwa, Mbeya. "Dada, hebu niangalizie kama huu mkopo umeingia." Ulikuwa umeingia, shilingi 20,000. Hakutoa hata mia. Palepale akaingia kwenye menyu ya kulipa, akaweka namba ya kampuni, kumbukumbu namba, namba ya siri. Ulikuwa mkeka wa kubeti, wa timu kumi na moja. Jioni alirudi kuniomba nimwazime hela ya mafuta.

Nimekuwa wakala wa miamala kwa miaka sita, na hayo nayaona kila wikiendi. Kwa hiyo nikisikia watu wakipendekeza benki na mitandao ya simu zizuiwe kabisa kupitisha pesa za kubeti mtandaoni, naelewa uchungu wao. Lakini siungi mkono kufunga njia yote.

Marekani walishapita huko. Mwaka 2006 walitunga sheria ya kukata malipo ya kamari haramu za mtandaoni. Kampuni nyingine ziliondoka, nyingine zikatafuta uchochoro. Aprili 2011 waendesha mashtaka wa New York walizifungulia kesi kampuni tatu kubwa za poka, wakidai pesa za wachezaji zilipitishwa benki kama malipo ya maduka ya vito na mipira ya gofu.

Na hapa kwetu? Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wateja wangu wa viazi kutoka Uyole waliacha kutuma kwa simu, wakawa wanakabidhi bahasha kwa makondakta. Pesa haikosi pa kupita. Ukimfungia kijana namba ya kampuni, atamtumia mtu wa kati asiyemjua, na akidhulumiwa hana pa kulalamika. Leo kampuni yenye leseni angalau inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Ninachotaka kizuiwe ni deni. Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo tangu tarehe 14 Aprili 2020, na Australia ikafanya hivyo kwa kubeti mtandaoni Juni 2024. Wengi wetu kadi hizo hatuna, tuna mkopo wa simu, unaopatikana kwa dakika moja bila mtu kukuuliza wa nini.

Wapo wanaoniambia pesa ikishaingia kwenye simu haina alama, huwezi kujua ipi ya mkopo ipi ya jasho. Siyo kweli. Mfumo unajua mkopo umeingia saa ngapi, na mfumo huohuo ndio unaokata deni pesa yoyote inapoingia. Kama unaweza kukata, unaweza pia kukataa malipo ya kubeti kwenye laini inayodaiwa mpaka deni liishe. Benki Kuu ndiyo inayosimamia mifumo ya malipo kwa sheria ya 2015. Iagize hilo, tena mapema, kabla ya kufikiria kufunga kila kitu.

Jumatatu yule kijana alirudi. Abiria wa mtaa wa Soweto hapa mjini alikuwa amemlipa nauli ya 3,000 kwa simu, na ilipoingia tu ikakatwa yote. Akanionyesha ujumbe, simu ikiwa imepasuka kioo, akaniuliza kama sisi mawakala tuna namna ya kuirudisha. Nikamwambia hatuna. Akasema "ndaga, dada," yaani asante, akaenda kuwasha bajaji.