Titanic ya pili ya nini, na mtepe wetu je?

Juzi nilikuwa Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, namtazama fundi akivuta keekee ya kutobolea tundu, uta unakwenda unarudi, vumbi la mbao linamwagika miguuni, kijana mmoja kaketi pale na simu yake akaniuliza hivi ile Titanic ya yule tajiri wa Australia iliisha? Clive Palmer alitangaza 2012 kwamba ataijenga upya, ikasemwa itasafiri 2016, wapi, akarudi nayo 2018, 2024 akatangaza tena, miaka yote hiyo ni michoro tu.

Wanaoitaka wana hoja, siwakatai. Kiwanda kitapata kazi, watalii watalipa, na mtu kukanyaga ile ngazi kubwa kwa miguu yake si sawa na kuiona kwenye picha. Lakini meli yenyewe haitakuwa ile. Ya 1912, ile iliyozama, ilikuwa na mashua 20 za kuokolea zinazotosha watu 1,178 na ndani walikuwemo kama 2,200, leo hakuna bandari itakayoiruhusu kutoka hivyo, kwa hiyo mpya itakuwa pana zaidi, ya dizeli, mabati yamechomelewa badala ya kupigwa ribiti. Sasa hapo umenakili nini zaidi ya rangi na fanicha? Na pesa hizo zingeokoa meli za kweli zilizobaki, mfano Liemba ya Ziwa Tanganyika, imejengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa vitani 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927.

Mtepe ni habari nyingine kabisa. Hiki ni chombo chetu cha huku visiwani, mbao zimeshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake la mkeka, na ya mwisho ilipotea miaka ya 1930. Ukijenga mtepe unalazimika kujua tundu linatobolewa wapi, kamba inakazwa vipi mpaka maji yasipite, yaani ujuzi unarudi mkononi, na mkono ndio unaokufa hapa kwetu manake vijana wanakimbilia bodaboda na maboti ya faiba. Oman walishona chombo chao, Jewel of Muscat, wakakisafirisha mpaka Singapore 2010, basi inawezekana.

Ubaya wake naujua. Kamba inaoza, chombo kinataka kushonwa tena na tena, nani atalipa wafadhili wakishaondoka? Zanzibar uliwahi kujengwa mtepe mmoja ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho, uonekane tu, na Desemba 2020 sehemu ya jengo lenyewe ikaporomoka. Hilo ndilo linaloniuma, chombo cha bahari kufungiwa ndani.

Mimi ningeanza na mtepe mdogo, wa watu kumi na majaketi yao ya kuokolea, ujengwe ufukweni palepale watoto wa shule wakishika kamba, halafu upeleke abiria Shela na Manda kila siku bahari ikiwa shwari, nauli ndiyo inunue kamba ya kushonea tena.