Asilimia 2 na akaunti isiyoulizwa

Kila mshahara ukitoka, magrupu ya WhatsApp ya walimu wa Ilemela na Nyamagana, Mwanza, huwaka moto kwa ajili ya mstari mmoja kwenye salari slipu: asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi. Mwenye mshahara wa 700,000 anakatwa 14,000, kwa mwaka 168,000. "Tunaibiwa!" Mimi hapo nasita kidogo.

Ada ya uanachama inakatwa kwa aliyejaza fomu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu kuifuta idhini yake kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama. Ibara ya 20 ya Katiba nayo inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote. Kwa hiyo ukimsikia mtu stafu rumu akimwambia mwalimu wa ajira mpya kwamba "hapa kila mtu ni mwanachama", huyo anampotosha.

Ada ya uwakala ni habari nyingine. Kifungu cha 72 cha Sheria hiyo ya Ajira kinaruhusu chama kinachowakilisha walio wengi kukubaliana na mwajiri ili hata asiye mwanachama akatwe. Hapa ndipo watu wanapopandwa na hasira, na hapa ndipo ninapowaacha. Chama kikipigania madaraja au malimbikizo yakalipwa, malipo hayaangalii nani ana kadi. Kula sangara wa wenzako huku umegoma kuchangia mafuta ya mtumbwi ni ujanja tu, usiuite haki.

Marekani walibishana hayohayo. Mwaka 1977, katika kesi ya Abood iliyotokana na walimu wa Detroit, Mahakama ya Juu iliruhusu ada ya namna hii kwa watumishi wa umma. Mwaka 2018, katika kesi ya Janus, ikaufuta uamuzi huo kwa kura 5 kwa 4. Sitamani tufike huko.

Kinachonikera mimi ni kwamba kifungu hichohicho cha 72 kinataka fedha za uwakala zikae kwenye akaunti ya peke yake na zitumike kutetea maslahi ya wafanyakazi tu, na sisi tunamaliza mikutano tukigombania tisheti za Mei Mosi. Mkutano ujao, kabla ya "mengineyo", mtu asimame aulize: akaunti hiyo iko benki gani, ina shilingi ngapi, mwaka jana imelipia nini? Katibu akisema asiye mwanachama hana ruhusa ya kuuliza, aonyeshwe salari slipu.